Siku Vipande Vilipofungiwa Ofisini

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa hapa Mugutha, baadhi yenu mlikuwa mmeketi kwenye ngazi za nyumba yangu mkingoja chai. Mjukuu wangu Kui, ambaye anamaliza shule mwaka huu, akasema hatajiandikisha kupiga kura. "Hiyo ni kazi ya wazee, Shosh," akasema. "Hata usipopiga, watachaguana tu." Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na birika mkononi, nikawamiminia chai, nikarudi ndani. Nilijua nikifungua mdomo siku hiyo tungeachana vibaya.

Sasa nimevaa miwani na ninawaandikia nyote, mliocheka na mlionyamaza. Msingoje maneno matamu. Nimekasirika, na nitawaeleza kwa nini.

Mnajua nilikuwa mwalimu. Wachache wenu mnajua kwamba kila uchaguzi mkuu ulipofika niliweka chaki chini nikaenda kufanya kazi kituoni, kwanza kama karani, baadaye kama msimamizi wa kituo. Nimeshika masanduku ya kura ya mbao, nimeshika ya plastiki. Nimetafuta majina ya watu kwa rula kwenye madaftari makubwa, kurasa zimejaa vumbi, na nimeyatafuta kwa mashine inayosoma alama za vidole. Kwa hiyo mnapobishana kuhusu kura huku mkitafuna mandazi yangu, muelewe mnabishana mbele ya fundi.

Kwanza, rais anapatikanaje? Nimewasikia mkisema ni yule mwenye kura nyingi. Si kweli, au si kweli yote. Chukua darasa linalochagua kiranja. Wanjiru, Otieno na Chege wanasimama, na Wanjiru anapata kura nyingi kuliko Otieno na kuliko Chege. Lakini ukijumlisha za Otieno na za Chege, waliomkataa Wanjiru ni wengi kuliko waliomtaka. Huyo hajashinda urais. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini. Tena hiyo haitoshi. Kaunti ni arobaini na saba, na katika kaunti zisizopungua ishirini na nne lazima apate angalau robo ya kura za pale. Maana yake, mtu hawezi kupendwa na watu wa kwao peke yao akaja kututawala sisi wote. Lazima avuke mito, aombe kwa watu wasiozungumza lugha ya mama yake. Akikosekana mtu wa kutimiza hayo yote, wawili wa mbele wanarudi kwa wananchi mara ya pili, ndani ya siku thelathini, na hapo anayezidi ndiye rais. Na asiyeridhika haendi kurusha mawe barabarani, anakwenda Mahakama ya Juu.

Kura hizo hazihesabiwi mahali pa siri huko Nairobi. Zinahesabiwa pale pale ulipopigia, kwenye darasa lenye ubao na madawati, mbele ya mawakala wa wagombea wote. Matokeo yanabandikwa mlangoni. Mtoto anayejua kusoma anaweza kusimama pale asubuhi akayasoma. Mnaponiambia "watachaguana tu," mnanitukana mimi na walimu wenzangu tuliosimama kwenye madarasa hayo mpaka miguu ikavimba.

Halafu kuna siri. Kibanda kile cha makaratasi magumu mnachokichezea baada ya uchaguzi, mnakifanya nyumba ya sungura, mnajua kililetwa na nini?

Baba yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa hapa Ruiru, mahali ambapo siku hizi pamejaa maghorofa. Kulikuwa na wakati ambapo watu walichagua mbunge kwa kupanga foleni hadharani, nyuma ya mtu aliyebeba picha ya mgombea. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama pale ulipotaka, na kila mtu akakuona. Nyapara wa shamba alisimama pembeni, mikono ameikunja, anatazama nyuso. Baba alisimama kwenye foleni ambayo nyapara hakuipenda. Ilikuwa ndefu, ilizunguka uwanja. Aliyetangazwa mshindi ni yule wa foleni fupi. Baada ya muda mfupi baba akaambiwa nyumba tuliyokuwa tukiishi shambani inahitajika. Tulihama tukiwa na magodoro kichwani na kuku mikononi. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya foleni. Haikuwa lazima kusema.

Ndiyo maana nyinyi mna kibanda. Ukiingia mle ndani, mwajiri wako, mchungaji wako, mume wako, hata mimi shosho yako, hatuna ruhusa ya kuchungulia.

Kazi nilifundishwa na Mwalimu Njoroge, mwenzangu shuleni Gatuanyaga, aliyekuwa msimamizi wa kituo wakati mimi bado ni karani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alinifundisha nije na viazi vitamu vyangu vya kuchemsha, kwa sababu msimamizi hali chapati ya wakala. Ukila ya huyu, yule mwingine atahesabu meno yako. Alinifundisha nivae viatu vya zamani. Asubuhi, kabla ya mpiga kura wa kwanza, alilifungua sanduku, akaligeuza juu chini, akaligonga, kisha akawaita mawakala mmoja mmoja waingize mkono ndani wahakikishe ni tupu. Alipoweka vile vifungo vya plastiki alisoma nambari za kila kimoja kwa sauti, polepole, kama anayesoma imla.

Wakati wa kuhesabu ndipo alinichekesha. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, akizipitisha juu ya picha zote za wagombea, kwamba Mungu anawaona. Kura hiyo imeharibika, hilo halina mjadala. Lakini wakala mmoja akasimama akadai maandishi yale yameinamia upande wa mgombea wake, kwa hiyo ihesabiwe. Mwalimu Njoroge akaitazama ile karatasi kwa makini, akaiweka kwenye fungu la zilizoharibika, akasema, "Huyu hakuchagua mtu wako, amemshtaki. Keti." Na wewe utakapopiga yako, weka alama moja, mbele ya jina moja, basi. Usiandike jina lako, usitie sahihi, usichore maua. Karatasi inayomtaja mwenyewe inakataliwa, kwa sababu siri imevunjika.

Mwalimu Njoroge alipostaafu, kituo kikaachiwa mimi, si tena kule Gatuanyaga bali kwenye shule moja ya msingi karibu na Eneo la Viwanda Thika. Huko ndiko lilikotokea jambo linalonikasirisha mpaka leo.

Ilikuwa siku ya uchaguzi, wakati wa chakula cha mchana. Foleni ilikuwa inakwenda vizuri. Akaingia mwanamke mwenye aproni ya plastiki na kofia ya wavu, anahema. Nilimjua kabla hajafika mezani. Alikuwa Mumbua, niliyemfundisha darasa la sita Gatuanyaga, msichana aliyekuwa akija shule miguu myekundu kwa vumbi na bado anaketi dawati la mbele. Sasa alikuwa mama wa watoto, kibarua kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha vyakula.

Karani akamwomba kitambulisho. Akasema kipande chake kiko getini kazini.

Nilimvuta pembeni anieleze. Pale kiwandani, vibarua waliacha vipande vyao kwa askari wa getini kila asubuhi na kuvichukua jioni. Siku ya uchaguzi ni sikukuu, lakini supavaiza wao alikuwa amewatumia ujumbe kwamba kuna mzigo wa haraka, na ambaye hatafika asirudi tena. Aliwaahidi watatoka mapema wakapige kura. Muda ulipofika akalichukua kutoka getini sanduku lililotiwa vipande vyote, akalifungia ofisini mwake, akasema wamalize mzigo kwanza. Walipomkumbusha, akawaambia kura zitapigwa hata wasipokuwepo.

Msifikiri alikuwa ametumwa na chama. Ningemwelewa zaidi kama angekuwa ametumwa. Hakujali watampigia nani. Kwake yeye, wanawake wale walikuwa mikono ya kupanga makopo, na mikono haipigi kura.

Mumbua alitoroka kupitia mlango wa kutolea taka, akaja mbio.

"Mwalimu, wewe ulinifundisha," akaniambia. "Unanijua mimi, unamjua mama yangu. Nipe karatasi nipige nirudi kabla hajanikosa."

"Nakujua, Mumbua. Siwezi."

"Basi weka kidole changu kwa hiyo mashine. Itaniona."

"Itakuona. Na bado siwezi."

Sheria inataka kile kitambulisho ulichojiandikishia, mkononi. Na ingawa ilinichoma, naitetea. Nikimruhusu ninayemjua kwa uso, msimamizi wa kituo kingine atawaruhusu anaowajua yeye, na huko tutajuana sote mpaka waliokufa wapige kura. Mezani pale sikuwa mwalimu wa mtu.

Lakini sheria haikuniambia nifunge mdomo. Nilimwambia, kwa sauti ya kusikika na mawakala wote, kwamba siku ya kura mwajiri lazima ampe mfanyakazi muda wa kwenda kupiga kura, bila kumkata chochote. Na kwamba hakuna mwenye haki ya kukaa na kitambulisho cha mtu ili kumzuia. Nikampigia simu mkubwa wangu wa eneo bunge, akasema atatuma mtu. Koplo aliyekuwa akilinda kituo akapiga simu yake, akaambiwa magari yote yametoka. Hakuja mtu. Mimi siruhusiwi kuondoka kituoni, na koplo pia haruhusiwi.

Mumbua akajifuta uso kwa aproni. "Nikienda tuvitoe, mtatungoja?"

Nikamwambia kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni. Atakayekuwa kwenye foleni saa hiyo atapiga kura hata kama foleni imefika barabarani. Atakayefika baadaye, hapana. Akarudi alikotoka.

Yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa na wao wenyewe. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mashine, akawaambia wenzake alichosikia kwangu, kisha akaketi sakafuni. Mmoja akaketi karibu naye, halafu wa pili, halafu mstari wote. Makopo yakaanza kurundikana na kuanguka. Supavaiza akaja akifoka, akawaambia kesho kuna watu wengine nje ya geti wanaotaka kazi. Wakabaki wameketi. Mwishowe ikabidi mashine izimwe, na mwenye kiwanda, alipopigiwa simu na kusikia kumenyamaza, akaamuru wapewe vitu vyao waende.

Yule supavaiza alitii, lakini kwa namna yake. Alilileta sanduku, akavuta kiti, akaanza kuita majina moja moja. Alikitazama kila kipande, akakilinganisha na uso, akauliza mtu anatoka wapi, kama vile hawakuwa naye kila siku. Saa zilikwenda. Mumbua alimwambia kila aliyepata chake akimbie, asimngoje mtu. Kipande chake yeye kilikuwa kimewekwa chini kabisa, na supavaiza alijua vizuri kwa nini.

Kituoni tulianza kuwaona jioni, aproni zinapepea, wengine wamevua viatu vya mpira na kuvibeba. Foleni iliyokuwa imeisha ikazaliwa upya. Sijawahi kufurahi kazini kama nilivyofurahi wakati huo. Saa kumi na moja ilipogonga nikamwambia koplo afanye tunavyofanya siku zote, aende asimame nyuma ya mtu wa mwisho. Nyuma yake haongezeki mtu.

Mumbua aliingia geti la shule koplo akiwa tayari amesimama pale. Alikuwa na kipande mkononi, amekiinua juu ili tukione.

Mawakala wangu walikuwa wamegombana tangu asubuhi, hata juu ya dirisha gani lifunguliwe. Siku hiyo ndiyo mara ya pekee niliyowaona wakikubaliana. Walinijia pamoja. "Mwalimu, sisi hatuna neno. Mwache aingie."

Nikasema hapana.

Nilitoka nje nikamwambia mwenyewe, sikumtuma karani. Nilimwambia muda umepita, na nikimfungulia yeye leo kwa sababu ana haki, kesho mwingine atafungua kwa sababu ameletewa lori la watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama ile foleni ya kofia za wavu.

"Wote wameingia?" akaniuliza.

"Wote."

Akaketi kwenye ukingo wa saruji kando ya darasa akawangojea, na walipomaliza wakaenda nyumbani pamoja.

Mtu akiniuliza kama najutia, nasema sijutii. Ningefanya vile vile kesho. Lakini kutojuta si kutokasirika. Mwanamke aliyewatoa wenzake wote ndiye aliyebaki nje, na mimi ndiye niliyemfungia mlango, na aliyesababisha hayo alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiita majina taratibu.

Mumbua hakuitwa kazini tena. Hakuandikiwa barua. Alifika getini akaambiwa jina lake halipo. Akaamua kushtaki, akaniomba niwe shahidi, nikaenda. Tuliketi kwenye ofisi moja ya serikali hapo mjini, meza ndefu, afisa kijana katikati. Yule supavaiza alikuja amevaa shati safi, mpole, anamwita kila mtu mheshimiwa. Akasema hakuna aliyezuiwa. Akasema kupiga kura ni hiari, na watu wengine wana tabia ya kutotaka kwenda halafu wanatafuta visingizio. Akaweka mikono yake mezani.

Sijawaeleza juu ya wino. Ukishapiga kura, kidole chako kidogo kinapakwa wino wa zambarau ili usije ukapiga mara ya pili. Ngozi inatakata baada ya muda, lakini ule ulioingia kwenye ukucha unakaa mpaka ukucha ukue uusukume nje.

Mumbua aliuona kabla yangu. Akanyoosha mkono wake juu ya meza, akaweka kidole chake karibu na cha yule mwanamume, bila kumgusa.

"Wako uko," akasema. "Wangu uko wapi?"

Yule mtu akaondoa mikono mezani. Afisa akatazama dirishani. Kumbe siku ile, kabla ya kwenda kufungia vipande vya wenzake, alikuwa ameamka mapema akasimama kwenye foleni ya kituo chake, akapiga kura yake. Alijua ina thamani. Watu wa namna hiyo wanajua siku zote. Hamtampata hata mmoja wao akisema kura haina maana na yeye mwenyewe akabaki nyumbani.

Tuliambiwa shauri litafuatiliwa. Halikufuatiliwa. Mumbua akarudi Gatuanyaga kufuga mbuzi, na kuuza maziwa akizunguka nayo kwa pikipiki ya shemeji yake. Lakini vibarua wa kile kiwanda walikataa kuanzia hapo kuacha vipande getini. Waliacha funguo, waliacha kofia, wengine waliacha hata viatu, lakini kipande hapana, na kiwanda kikazoea.

Kwa hiyo Kui, na wenzako mnaocheka, mkitimiza miaka kumi na minane kachukueni kitambulisho, mkajiandikishe. Sisemi mpige kura kwa sababu wanasiasa ni wazuri. Wengi wao wananiudhi kuliko nyinyi. Nasema mpige kwa sababu kuna mtu mahali fulani ambaye angependa sana mbaki nyumbani, na asubuhi hiyo yeye ataamka mapema.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa mwisho wangu kabla ya kustaafu. Tulipofungua mlango alfajiri, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mumbua. Alikuwa ametoka Gatuanyaga giza bado halijaisha, amejifunga leso kwa ajili ya baridi. Alimpa karani kipande chake, akaweka kidole kwenye mashine, akapokea karatasi zake sita, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi, akaingia kibandani. Akakaa mle ndani. Foleni ikaanza kunung'unika. Karani akanitazama. Wakala mmoja kijana, mgeni kazini, akanijia akaninong'oneza kwamba mama yule anachelewesha watu, nimwambie afanye haraka.

Nikamwambia arudi kwenye kiti chake. Mumbua alikaa mle ndani kadiri alivyotaka.